Vikapu Viwili vya Wimbi

Nilipoanza kupanga harusi yangu, kitu cha kwanza nilichonunua ni daftari. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja karibu na Mosocho, na mwalimu ni mwalimu hata akiwa bibi harusi. Nilipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu: safu ya kwanza kazi, ya pili jina la mtu wa kuifanya, ya tatu siku ya kuimaliza. Kuni. Maji. Unga wa wimbi. Ndizi. Viti vya kuazima shuleni. Mtu wa kuoka keki. Mtu wa kumkumbusha mtu wa kuoka keki. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na niliamini kwamba hakuna jambo lililopinda ambalo rula haiwezi kulinyoosha.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mchumba wangu alikuwa karani katika kituo cha kupokelea majani chai, mtu mpole ambaye kila nilipomsomea safu zangu alisema, "Sawa, mwalimu." Shule zilipofungwa, zikiwa zimebaki wiki tatu, nilirudi nyumbani upande wa Magwagwa nikiwa na daftari kwapani na roho juu.

Mama nilimkuta shambani akichuma chai, kikapu mgongoni. Kanisani kwetu, sisi Wasabato, chai ilikuwa ya kuchuma na kuuza. Kuinywa lilikuwa jambo jingine, na waliokunywa walikunywa mlango ukiwa umefungwa. Nilimfungulia daftari palepale kati ya mistari ya chai nikaanza kumweleza. Mama hakujua kusoma. Aliitazama ile mistari myekundu kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani, kisha akauliza:

"Na hiki kitabu kinajua kusaga?"

Nyumbani hatukusema Kiswahili. Maneno yote ya mama ninayoyaandika hapa yalisemwa kwa Ekegusii, na mengine yamepoteza utamu njiani, lakini hilo la kusaga limefika salama.

Nilimwambia kwamba kitabu hakisagi, ila kinapanga nani asage. Akacheka, akarudi kwenye chai yake. Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, mpaka leo. Mume wangu husema ningekuwa jiko, ningeivisha maharagwe bila kuni.

Lakini kilichonikasirisha hasa kilikuja siku nne baadaye, siku watu wa pande zote mbili walipokutana kwetu kuthibitisha tarehe. Mambo yalikwenda vizuri. Ilikubaliwa iwe Jumapili, mchungaji alikuwa ameshaarifiwa, wageni walikuwa wanakunywa uji. Ndipo bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa ameketi mlangoni, akanyoosha miguu yake. Bibi alikuwa wa kizazi cha zamani, na miguuni alivaa bado zile pete za chuma tunazoziita ebitinge, alama ya mwanamke aliyeolewa kwa sherehe kamili. Akisogeza mguu zililia, na zikilia watu walinyamaza.

"Mtoto ataolewa, ni vizuri," alisema. "Lakini nani atamtoa nyumbani? Mama yake mwenyewe hajafanyiwa harusi."

Baba alikohoa. Wageni walitazama ndani ya vikombe vyao.

Ilikuwa kweli, na kila mtu pale aliijua. Mama alikuja kwa baba wakati baba akiwa kibarua wa mashamba ya chai ya Kericho. Ng'ombe walipelekwa kwao, wazee waliridhika, watoto sita tulizaliwa. Ila ile sherehe yenyewe, enyangi kwa lugha yetu, haikufanywa. Mwaka wa kwanza kulikuwa na njaa, wa pili msiba, na baadaye ikawa jambo la aibu kidogo kulitaja. Kwa desturi ya nyumba yetu mwanamke wa namna hiyo alikuwa mke kwa kila kitu isipokuwa kwa mawili. Kwenye harusi za watu hakuketi kwenye mkeka wa wanawake walioolewa kwa sherehe, alikula jikoni. Na siku ya harusi ya bintiye, hakuwa yeye wa kumshika mkono na kumpitisha langoni. Angefanya hivyo shangazi, au jirani yeyote mwenye harusi yake.

Usiku huo nilimuuliza mama kama atakubali mwingine anishike mkono. Alikuwa akiosha vikombe. Akaniambia bila kugeuka, "Nitakuwa jikoni. Jikoni pia ni kwako."

Nasema wazi kwamba nilimchukia bibi. Nilitaka mkono mmoja tu siku ile, na ulikuwa wa mama.

Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji, mwendo wa saa mbili kwa miguu, nikamweleza. Alikuwa mtu wa vitendo. Akasema anaweza kuja nyumbani kwetu Jumapili asubuhi, abariki ndoa ya wazazi wangu uani, kisha twende wote kanisani kwa yangu. "Nitaanza na wao, nimalizie na ninyi," alisema. Nilirudi mbio. Baba alitazama vidole vyake vya miguu, halafu akasema, "Kama yeye anataka, mimi nilikuwa nataka tangu zamani." Sikuwahi kumsikia baba akisema sentensi ya namna hiyo, na nilidhani kazi imekwisha.

Mama akakataa.

"Watu wanakuja kwa ajili yako," alisema. "Wakileta unga, ni unga wako. Kuni ni zako. Mimi nitasimama pale niolewe kwa chakula cha mtoto wangu? Harusi isiyo na kikapu chake ni wizi."

Inabidi nieleze hapa jambo la vikapu. Kwetu harusi haikupikwa na mwenye harusi. Habari ikishatangazwa, kila mwanamke wa kilima alisaga wimbi kwake, kwa jiwe, akaleta kikapu. Mwingine alileta kuni, mwingine maji, mwingine mboga za chinsaga zilizochambuliwa. Binti akiolewa, mama yake ndiye aliyepeleka habari. Lakini mke akifanyiwa harusi yake mwenyewe, mtangazaji alikuwa mama mkwe. Mwanamke hakuweza kujiombea kikapu. Afadhali afe njaa. Na mama mkwe wa mama alikuwa yule aliyeketi mlangoni na pete zake, ambaye kwa miaka ishirini na mitano hakutangaza kitu.

"Basi nitatangaza mimi," nilisema.

"Wewe ni nani?" mama aliuliza. Hakuwa mkali. Aliuliza tu, na kwa jambo lile sikuwa mtu.

Niliandika kwenye daftari: Mama. Safu ya pili niliiacha wazi. Safu ya tatu pia.

Wiki mbili zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimewahi kuishi mbaya. Nilikwenda huku na huku nikiuliza watu kama wamekumbuka. Wanawake walinijibu "Ee, mwanangu, tumesikia," wakaendelea na palizi. Hakuna aliyeniambia ataleta nini, wala lini. Nilimuuliza mmoja kama nimwandikie kuni au unga, akanitazama kana kwamba nimemuuliza uzito wake. Mama alichuma chai, akapika, akalala usingizi mzuri. Bibi naye kila asubuhi alichukua mkongojo wake akatoweka, akarudi jioni na vumbi hadi magotini, asiseme alikokuwa. Niliamini anazunguka kunisengenya.

Ikafika Alhamisi. Harusi ni Jumapili. Ijumaa jua likizama Sabato inaingia, na hakuna mkono utakaogusa jiwe la kusagia wala shoka mpaka jua lizame tena Jumamosi. Nilizunguka nyumba. Hapakuwa na ukuni hata mmoja wa ziada. Hapakuwa na unga zaidi ya ule wa chakula chetu cha jioni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichagua mawe kwenye maharagwe, mawe ambayo kwa maoni yangu yangeweza kusubiri.

Nikalipuka. Nilimwambia tutaaibika, nilimwambia watu mia watakuja kula hewa, nilimwambia kwamba yeye hajali kwa kuwa hajui harusi ni nini.

Neno hilo lilinitoka. Nililisikia likitoka. Ningeweza kulirudisha ningelirudisha kwa meno.

Mama aliendelea kuchagua mawe. Akasema, "Leo ni Alhamisi. Wakileta leo, usiku panya atazuiwa na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake lote. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa aibu zaidi kuliko kwa hofu, na sikumwomba msamaha siku ile, kwa sababu kiburi nacho kina ratiba yake.

Ijumaa, saa tisa alasiri, bado hakuna mtu. Nilisimama uani na daftari langu. Kilima kilikuwa kimya. Nilianza kuhesabu ni saa ngapi zimebaki kabla ya jua kuzama, nikaacha.

Kisha niliona majani ya mgomba yakitembea juu ya ua.

Sikuelewa nilichokiona. Ua wetu ulikuwa mrefu, na juu yake, upande wa njia, palipita jani bichi la mgomba, na jingine, na jingine, yakiyumba taratibu yakielekea langoni. Halafu mwanamke wa kwanza akaingia, kikapu kichwani kimefunikwa kwa jani, na kingine mkononi. Nyuma yake mwingine. Nikakimbilia langoni nikatazama chini. Njia yote, kutoka kwetu hadi kwenye kijito na kupanda kilima cha pili, ilikuwa imejaa wanawake. Walikuja mmoja mmoja kwa mstari kwa kuwa njia ni nyembamba, na mstari ule haukuwa na mwisho niliouona. Kulikuwa na wenye kuni, wenye mitungi, wenye mikungu ya ndizi. Kikongwe mmoja alibeba kuku mmoja kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga. Hawakuimba wala kupiga vigelegele. Walikuwa wanaharakisha, kwa sababu ya jua.

Nimeona mambo makubwa maishani. Niliona umeme ukiwashwa kwa mara ya kwanza sokoni, watu wakipiga makofi. Sijaona kitu kilichonishinda nguvu kama njia ile. Niliketi chini, juu ya majani, na gauni langu la kufundishia na daftari langu, mdomo wazi.

Kila mmoja aliyefika alikwenda hadi mlangoni kwa mama na kutua vikapu viwili. Hapo ndipo nilipogundua: vilikuwa viwili, kila mtu. Wa kwanza alikuwa mjane wa ng'ambo ya kijito, na alisema kwa sauti ya mtu anayerudisha sufuria:

"Hiki cha mtoto. Hiki chako. Nimekaa nacho tangu msichana wangu alipoolewa."

"Mimi sikukuita," mama alisema.

"Hukuniita. Mama mkwe wako ameniita. Alikuja hadi kwangu, na miguu yake ile."

Wa pili akatua viwili. Wa tatu akatua viwili. "Cha mtoto. Chako." "Cha mtoto. Chako." Nilikumbuka Ijumaa zote za utoto wangu. Kila Ijumaa ambayo mahali fulani palikuwa na harusi, mama alitoka langoni na kikapu kichwani, nami nikabaki na wadogo zangu nikinung'unika. Kuni kwa huyu, wimbi kwa yule. Mwaka mmoja alikwenda hadi Nyamache kwa miguu, akilala njiani kwa dada yake, kwa ajili ya binti wa mtu ambaye mimi sikumjua. Kote huko alitua kikapu, akapika, akala jikoni, akarudi. Hakuna aliyeandika. Na sasa walikuwa wamesimama hapa wote, wale mabibi harusi wa zamani na mama zao, wakisukumana mlangoni kuwahi jua. Mimi nilikuwa nimepanga harusi kwa wiki tatu. Yeye alikuwa ameipanga kwa miaka ishirini na mitano, bila kujua kwamba anapanga mbili.

Mama aliingia ndani akafunga mlango. Wanawake waliendelea kutua vikapu kana kwamba hawakuona. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na alichosema ni, "Hizo kuni zitanyeshewa hapo, zisogezeni."

Jua likiwa limegusa mlima, nilisikia chuma kikilia njiani. Bibi alifika wa mwisho. Alikuwa na kikapu kimoja, kidogo, alichokisaga mwenyewe, naye hata kufungua mlango kulimchosha. Alikitua miguuni pa mama.

"Nilikuwa nasubiri mwanangu, mume wako, aniambie nitangaze," alisema. "Yeye alikuwa anasubiri nimwambie. Tumekuwa wajinga sote wawili. Kaa kwenye mkeka wako, mwanangu."

Kisha akanigeukia mimi niliyeketi chini.

"Cha kwako sina," alisema. "Wewe una kitabu."

Wanawake walicheka hadi ikabidi wengine waegemee ukuta. Nami nilicheka, huku machozi yakinitoka, nikaenda nikamshika mama miguu na kumwomba radhi kwa lile neno la jana. Akaniambia niinuke, ninachafua gauni.

Sabato ile sijaisahau. Jua lilizama, wimbo ukaimbwa, na siku nzima iliyofuata hakuna aliyefanya kazi yoyote. Nyumba ilikuwa imejaa hadi chini ya vitanda, harufu ya wimbi mbichi kila mahali, na hapakuwa na jambo hata moja la kuhangaikia. Nilikaa kati ya vikapu nikashangaa tu. Siku hizi wajukuu zangu huunda kamati, hukutana kila wiki hotelini Kisii, hugombana, huniita Magokoro, yaani bibi, huniuliza, "Ninyi mlifanyaje msichoke?" Nikiwaambia kwamba harusi yangu ilianza kupangwa kabla sijaota meno, wanadhani ninazeeka.

Jumapili asubuhi mchungaji alikuja mapema. Mama alivaa gauni la buluu na kitambaa kipya kichwani. Baba alijibu swali la mchungaji kabla halijaisha, kwa sauti kubwa, watu wakacheka, naye akaona haya akarudia polepole. Kanisa letu halivai pete, kwa hiyo walishikana mikono juu ya Biblia, mikono minne iliyopasuka kwa majani chai. Baba hakuuachia mkono mpaka alipoambiwa.

Halafu wakamwongoza mama kwenye mkeka, ale chakula cha harusi yake. Aliketi. Kule jikoni mtu akaangusha kifuniko cha sufuria, mama akainuka, wakamvuta chini. Mtu akapita na mtungi mzito, akainuka tena, wakamvuta. Mara ya tatu bibi mwenyewe alikuja na bakuli akamwekea mapajani, ili asiweze kuinuka bila kumwaga. "Kula," alisema. Mama alilitazama lile bakuli. Hakujua aweke wapi mikono yake. Kisha akala, kidogo kidogo, wote tukimtazama.

Alipomaliza alinawa, akaja ndani niliposubiri na gauni langu jeupe, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto na harufu ya wimbi. Tulitoka mlangoni, tukapita kati ya watu, tukafika langoni. Mama zetu wana maneno ya kusema hapo, ya baraka, marefu. Nilisubiri ayaseme.

"Twende," alisema. "Leo sina mzigo."

Tukapita. Nilikuwa sijawahi kumwona akipita lango lile bila kitu kichwani. Alitembea shingo wima, kwa hatua zilezile fupi, na tulipoanza kuteremka kuelekea kwenye kijito, mahali ambapo njia ni mbaya, aliinua mkono wake mtupu akakishika kikapu ambacho hakikuwapo.